Pini inachomoza milimita 1.2: je, niipunguze bega kwa tupa?

*"Fundi, nina bunduki ya bolti ya aina ya Mauser 98 niliyoachiwa na marehemu baba, inayotumia risasi za .30-06. Juzi alfajiri, kukiwa na baridi kali, nilipiga risasi 20 za kiwandani kutoka boksi moja, na 3 kati yake ziligoma. Fataki zake zilikuwa na alama hafifu tu. Nilikoki tena palepale nikazipiga mara ya pili: 2 zikalia, 1 ikakataa kabisa. Rafiki yangu anasema pini imekuwa fupi, na kwamba niizungushe mizunguko miwili ichomoze zaidi, kama alivyofanya yeye kwenye Lee-Enfield yake. Nimetafuta pa kuzungushia sijapaona. Nimepima kwa kalipa nikapata milimita 1.2, nami nimesoma kwamba inatakiwa iwe kati ya 1.4 na 1.65. Je, nipunguze bega la pini kwa tupa ili ichomoze? Na nipunguze kiasi gani?"*

Ndugu msomaji, kwanza iweke tupa hiyo chini, tena mbali na meza unayofanyia kazi. Swali lako ni zuri, na umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kupima kabla ya kugusa kitu. Hata hivyo, ndani ya barua yako yamo maswali matatu yaliyofungwa furushi moja: kwa nini risasi ziligoma, kama hiyo milimita 1.2 ndiyo sababu, na kama dawa yake ni kuondoa chuma. Rafiki yako ameyajibu yote matatu kwa neno moja, na hapo ndipo alipoteleza. Mimi nitayafungua moja baada ya jingine, kwa sababu jibu la lile la kwanza huenda likafanya la tatu lisiwe na kazi.

Tuanze na kinachotokea unapobonyeza kifyatulio. Fataki iliyo kwenye kitako cha risasi ni kikombe kidogo cha madini laini. Sakafuni mwa kikombe hicho imepakwa baruti kali inayolipuka kwa kupondwa, na juu yake kimekaa kipande kidogo kigumu chenye miguu, ambacho kazi yake ni ile ile ya fuawe ya mhunzi. Pini, yaani kile kijiti cha chuma kilicho ndani ya bolti kinachorushwa mbele na springi, inapopiga mgongo wa kikombe, mgongo huo hubonyea, baruti ile hupondwa kati ya kikombe na fuawe, na ndimi za moto hupita kwenye tundu hadi kwenye baruti kuu ndani ya ganda. Ili hayo yatokee, yanahitajika mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza ni kina, yaani pini iweze kufika mbali vya kutosha kuubonyeza mgongo wa fataki kwa takriban nusu milimita au zaidi kidogo. La pili ni nguvu ya pigo, yaani pini ifike pale ikiwa na kasi na uzito wa kutosha kuiponda baruti ile kwa ghafla, maana ukiisukuma polepole haiwaki hata ukiibonyeza kwa kina kikubwa.

Mchomozo wa pini, huo uliopima wewe, unahusu lile la kwanza peke yake. Unakueleza pini inaruhusiwa kufika wapi, wala haukuelezi inafika huko ikiwa na nguvu gani. Fikiria fundi seremala anayepiga msumari kwa nyundo nyepesi mno: ukimpa msumari mrefu zaidi hujamsaidia, kwa kuwa ubao utaumeza ule mfupi na ule mrefu kwa kiasi kile kile, yaani kidogo. Bunduki yenye springi iliyochoka, au yenye pini inayojikokota ndani ya grisi iliyoganda, itaacha alama hafifu kwenye fataki hata ukiiwekea pini inayochomoza milimita 2.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa namba hazina upendeleo. Pini yako inachomoza milimita 1.2 kutoka uso wa bolti, yaani ule mwisho wa mbele wa bolti unaokaa nyuma ya kitako cha risasi. Fataki iliyokaa vizuri huwa imezama chini ya usawa wa kitako cha risasi kwa milimita 0.08 hadi 0.13, kwa hiyo tutoe 0.1. Kisha kuna ule mwanya mdogo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, ambao hutegemea kile mafundi wanachokiita nafasi ya kichwa, yaani umbali kutoka uso wa bolti hadi pale chemba inapoizuia risasi isiendelee mbele. Kwa .30-06, geji (kipande cha chuma cha kupimia) ya kuanzia na geji inayosema bunduki iondolewe kwenye matumizi zinatofautiana kwa inchi 0.010 tu, yaani takriban milimita 0.25. Tuchukulie kwamba bunduki yako imelika hadi mwisho wa kipimo hicho, na kwamba risasi imesukumwa mbele yote. Ukitoa 0.1 na 0.25 katika 1.2, pini bado ina 0.85 ya kubonyeza fataki. Hata ukikata kidogo zaidi kwa ajili ya risasi iliyotengenezwa fupi kidogo, bado inabaki zaidi ya nusu milimita. Kile kipimo cha 1.4 hadi 1.65 ulichokisoma ni cha kweli, nacho ndicho mafundi wengi hukifuata kwa Mauser na kwa bunduki nyingi za uwindaji za siku hizi, lakini ndani yake kimeachiwa akiba. Milimita 1.2 iko nje ya kipimo na lazima ijulikane ilivyofika hapo. Peke yake, hata hivyo, haitoshi kueleza fataki zenye alama hafifu.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, haukutoka hewani. Kwenye Lee-Enfield, pini imesokotwa kwenye kipande cha kukoki, kile cha nyuma ya bolti kinachoivuta pini nyuma, kwa nyuzi za parafujo na kuzuiwa isilegee kwa parafujo ndogo, kwa hiyo ukiizungusha inaingia au inatoka. Kwenye Mosin-Nagant ya Urusi mambo ni ya namna hiyo hiyo, na bisibisi iliyokuwa ikitolewa pamoja na bunduki ilikuwa na mapengo mawili yaliyoandikwa 75 na 95 ya kupimia: pini inatakiwa iguse pengo la 75 na ipite kwenye la 95 bila kugusa, yaani ichomoze zaidi ya takriban milimita 1.9 na isifike 2.4. Savage 110 nayo ina nati ya kurekebishia. Lakini Mauser 98 haikuundwa hivyo. Pini yake hushikana na kipande cha kukoki kwa vipindo vinavyofungwa kwa robo mzunguko. Ama vimefunga, ama havijafunga, hakuna katikati. Mchomozo unaamuliwa na bega la pini, yaani pale inaponenepa ghafla, linapogota kwenye ukuta wa ndani, karibu na pua ya bolti. Ndiyo maana umetafuta pa kuzungushia hukupaona: hapapo.

Tena angalia jambo hili, kwa sababu linaonyesha hatari ya kuchukua namba bila kujua ni ya bunduki gani. Kipimo rasmi cha Lee-Enfield Namba 4 ni inchi 0.040 hadi 0.050, sawa na milimita 1.02 hadi 1.27. Hiyo 1.2 yako inayokukosesha usingizi ingekuwa sawasawa kabisa kwenye bunduki ya rafiki yako, na kwenye Mosin ingekuwa fupi mno. Kama yeye aliizungusha ya kwake mizunguko miwili bila kuweka geji, ningependa kuiona bolti yake kabla hajaipiga tena. Mfikishie ujumbe huo.

Turudi kwenye ushahidi ulionao, nao ni mzuri kuliko unavyodhani. Umesema mambo matatu: ilikuwa baridi kali, alama zilikuwa hafifu, na risasi mbili kati ya tatu zililia kwa pigo la pili. Risasi inayogoma mara ya kwanza na kulia mara ya pili huwa na maelezo mawili ya kawaida. La kwanza ni fataki ambayo haikukaa hadi chini, hivyo pigo la kwanza likamaliza nguvu yake kuisukuma ikae, na la pili ndilo likaiwasha. Hilo huwapata zaidi wanaojaza risasi wenyewe. Kwa boksi la kiwandani linawezekana, ila silipi nafasi ya mbele. La pili ni pigo dhaifu ambalo liliiponda baruti ya fataki nusu, na pigo jingine likamalizia. Ukiongeza baridi juu ya hilo, mkono wangu unaelekea moja kwa moja ndani ya bolti.

Niliwahi kuletewa bolti ya Mauser ambayo mwenyewe aliitunza kwa mapenzi makubwa. Kila baada ya msimu alikuwa akidondosha mafuta kupitia tundu la pini na kupaka grisi nyuma, na kwa miaka kadhaa hakuwahi kuifungua. Nilipoitoa springi, ilitoka imefunikwa na kitu chenye rangi ya asali iliyokolea, kigumu kama nta ya mshumaa, chenye chembe za shaba zinazometameta ndani yake. Pale mbele, kwenye kona ambayo bega la pini linagotea, kulikuwa na pete nzima ya uchafu ulioshindiliwa na mapigo ya miaka yote hiyo, mgumu kiasi kwamba nilihitaji kijiti cha mti kuubandua. Nilipima kabla na baada. Mchomozo ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya robo milimita, na sikuwa nimeondoa hata punje moja ya chuma.

Unaona ninakoelekea. Uchafu wa namna hiyo unafanya makosa mawili kwa pamoja: unaipunguzia pini kasi, na unakaa kati ya bega na ukuta ili pini isifike mwisho wake. Grisi iliyokuwa laini wakati wa joto hukaza asubuhi ya baridi, pigo likalegea, na mtu akadhani bunduki imezeeka usiku mmoja. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo kwako kwa kuwa sijaishika bunduki yako, lakini kama ingekuwa mezani kwangu, hapo ndipo ningeanza, na nusu ya wanaokuja na swali kama lako huishia hapo hapo.

Kabla ya kusafisha, hata hivyo, nataka uupime mchomozo tena, kwa sababu Mauser huwadanganya wapimaji kwa njia yake. Hakikisha bunduki haina risasi kwenye magazini wala kwenye chemba, angalia kwa jicho na uguse kwa kidole, kisha toa bolti. Bolti ikishatoka, kipande cha kukoki huwa kimekaa kwenye kijipengo kidogo juu ya mteremko, na pini haijaenda mbele. Ni lazima ukizungushe kishuke kwenye pengo lake refu hadi mwisho, kwa kukishika imara maana springi ina nguvu na itakuponda vidole. Kikibaki nusu njia kwenye mteremko, pini itachomoza kidogo, utapima, utapata namba nzuri yenye desimali, na namba hiyo itakuwa ya uongo. Kisha kuna kalipa yenyewe. Uso wa bolti umezungukwa na ukingo upande mmoja na ndoano ya kuchopolea maganda upande mwingine, na ukilaza kalipa juu ya ukingo badala ya uso wenyewe, umepima kitu kingine. Tumia ule mfito mwembamba wa kupimia kina: simamisha kalipa mahali pamoja pasipotikisika, gusa uso wa bolti kando ya tundu la pini usome, kisha gusa ncha ya pini usome, halafu toa namba moja katika nyingine. Fanya hivyo mara tano. Zikitofautiana zaidi ya milimita 0.05, tatizo liko mkononi, endelea kujizoeza hadi zitulie. Iandike namba hiyo mahali, pamoja na tarehe.

Sasa usafi. Vaa miwani ya kukinga macho. Katika kazi hii nzima, hili ndilo lisilo na mjadala. Ukiwa bado na bolti ndani ya bunduki, koki, simamisha sefti, yaani kizuizi cha usalama, wima katikati, kisha toa bolti. Sefti hiyo itaishika pini nyuma. Bonyeza kile kifungo kidogo kilicho ubavuni mwa kifuniko cha nyuma na ukifungue kifuniko kwa kukizungusha kinyume cha saa, mkutano mzima wa pini utatoka. Isimamishe ncha ya pini kwenye kipande cha mbao kigumu, ukiwa umetoboa kitundu kidogo ili ncha isibebe uzito, bonyeza kifuniko chini ukiikandamiza springi, rudisha sefti kwenye kupiga, kisha zungusha kipande cha kukoki robo mzunguko kitoke. Achia springi polepole. Kama maelezo haya yanakufanya usite, kusita huko ni kwa busara. Mpelekee fundi, kwake ni kazi ya muda mfupi. Ukishafungua, osha kila kitu kwa kiyeyusho cha kuondoa grisi, ingiza brashi ndefu ndani ya bolti hadi puani, na ukikwaruze kile kipembe cha mbele kwa kijiti cha mti au cha plastiki, kamwe si kwa chuma. Angaza kwa tochi. Endelea hadi kitambaa kitoke cheupe. Wakati wa kuunganisha, usirudishe grisi: pangusa pini na springi kwa kitambaa chenye harufu tu ya mafuta mepesi. Sehemu hii ya bunduki hupenda ukavu.

Ukiwa na pini mkononi, itazame ncha yake kwa kioo cha kukuzia. Inatakiwa iwe ya mviringo kama kichwa cha yai dogo, laini, isiyo na kona wala vidoti. Ncha iliyobapa hugawa pigo kwenye eneo kubwa na kuacha alama pana isiyo na kina. Ncha yenye kona kali au yenye vidoti vya kuungua hutoboa fataki. Na kama ncha imevunjika, usiunganishe chochote. Kipande kilichovunjika kinaweza kunasa kwenye tundu kikiwa kimechomoza, na siku utakapofunga bolti juu ya risasi, kikaipiga bila wewe kugusa kifyatulio.

Hapa sasa niseme kwa nini nilikuambia uweke tupa chini. Chuma ukishakiondoa kwenye bega hakirudi, na mkono hauwezi kupunguza duara zima kwa usawa. Utaacha upande mmoja juu, pini itagota kwa upande na kuanza kupinda kidogo kidogo. Tuseme bahati imekuwa yako, umeipunguza sawasawa ukapata 1.5. Siku utakapoisafisha bolti na ile pete ya uchafu ikatoka, utajikuta na 1.8 au zaidi. Pini iliyozidi hutoboa mgongo wa fataki. Ndani ya .30-06, shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa viwango vya Ulaya ni bar 4,050, yaani takriban mara elfu nne ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, na hewa hiyo ya moto ikipata tundu kwenye fataki hurudi nyuma kupitia tundu la pini kuelekea usoni pa mpigaji. Wabunifu wa Mauser walilijua hilo tangu 1898: ndiyo maana bolti ina matundu mawili ya kutolea gesi, na kifuniko cha nyuma kina ukingo mpana wa kuikinga isije moja kwa moja machoni. Ni kinga nzuri, lakini ni kinga ya ajali, haikuwekwa ili tuijaribu kila Jumamosi. Nimeona uso wa bolti wa mtu aliyerefusha pini kwa tupa. Kulikuwa na vishimo vidogo vimezunguka tundu la pini, kama mate ya moto wa kuchomelea, na kila kimoja kilikuwa ni risasi moja iliyotoboka. Mwenyewe alidhani ni kutu.

Tuseme umesafisha, umepima tena, na namba imepanda hadi 1.4 au 1.5. Vizuri, lakini usitangaze ushindi kabla ya kuangalia mambo mawili ambayo huiba nguvu ya pigo bila kugusa mchomozo. Moja ni springi. Springi ya pini hufupika kwa umri, na ya bunduki ya urithi huenda ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Isimamishe kando ya springi mpya ya aina hiyo hiyo. Ikiwa fupi kwa kuonekana na jicho, ibadilishe. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika hadithi hii, na ndicho ambacho ningekibadilisha hata bila kuombwa kwenye bunduki ya umri huo. Usishawishike kuweka springi kali kupita kiasi, kwani hiyo nayo hufanya bolti iwe nzito kuinua na huongeza mtikisiko wakati wa kupiga.

La pili ni mkono wa bolti. Angalia kama unashuka hadi chini kabisa kila unapofunga, au kama kuna mahali unagusa mti wa bunduki au kishikizo cha darubini na kubaki juu kidogo. Mkono usiposhuka wote, kipande cha kukoki huangukia kwenye mteremko badala ya pengo lake, na sehemu ya nguvu yake hutumika kuusukuma mkono ushuke. Dalili yake ni rahisi: ukipiga bila risasi, mkono wa bolti unaruka au kutikisika. Tumia risasi bandia unapofanya jaribio hilo. Watu wengi walioongezewa darubini kwenye Mauser za zamani wamesumbuka na fataki zinazogoma kwa miezi, kumbe tatizo ni mkono unaogusa pete ya darubini kwa unene wa karatasi.

Na kama baada ya usafi namba imebaki 1.2 ile ile? Hapo una njia tatu za haki. Unaweza kuweka pini nyingine ya kiwandani, ambayo mara nyingi hulimaliza jambo, ila lazima ipimwe ikiwa ndani ya bolti yako, maana mchomozo ni matokeo ya pini na bolti kwa pamoja na pini mpya si lazima ilingane na tundu lako. Unaweza kumpa fundi aipunguze bega kwenye mashine ya kukereza, kwa vipimo, akikata kidogo na kupima kila mara. Ni kazi halali anapoifanya mtu mwenye mashine, ingawa mimi huifanya pale tu ninapokuwa nimehakikisha bolti ni ya bunduki hiyo na si ya kuokotezwa. Au unaweza kuiacha kama ilivyo, iwapo springi mpya na usafi vimeiponya na inapiga bila kugoma asubuhi za baridi. Ningechagua ya kwanza, halafu ya tatu. Hiyo ya pili ningeitunza iwe ya mwisho.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo limenisumbua kuliko milimita zote. Unasema ulikoki tena "palepale". Risasi iliyogoma inaweza kuwa imechelewa tu. Ipo hali ambapo fataki inawaka taratibu na baruti ikalia sekunde kadhaa baadaye, na kama wakati huo umeinua mkono wa bolti, meno ya kufungia yameshaachia. Siku nyingine ikigoma, iweke bunduki ikiangalia upande salama, bolti ikiwa imefungwa, na uhesabu sekunde 30 nzima kabla ya kuigusa. Na risasi iliyogoma ikishatolewa kwenye bunduki, usiipige tena. Fataki iliyolia hubonyezwa upya kutoka ndani na shinikizo na kupoteza umbo la pigo, lakini ile iliyogoma inahifadhi alama ya pini kama ilivyoachwa, kwa kina chake na umbo lake, na iwapo pigo lilitua katikati au pembeni. Ni picha ya kilichotokea, na kuipiga mara ya pili ni kuichora picha nyingine juu yake.

Kwa hiyo ile moja iliyokataa kabisa, ikiwa bado unayo, itenge peke yake, uiandike isije ikachanganyika na nzima. Mwone fundi bunduki mwenye leseni ana kwa ana, bila kujaribu chochote zaidi, ukiona fataki yoyote iliyotoboka au yenye mduara wa moshi mweusi, ukiona vishimo kwenye uso wa bolti, ganda lililochanika karibu na kitako, namba kwenye bolti zisizolingana na za bunduki, au kama hakuna anayejua lini nafasi ya kichwa ilipimwa kwa geji mara ya mwisho. Kwa bunduki ya urithi, hilo la mwisho pekee linatosha kukupeleka. Mpelekee bunduki nzima, usimpelekee bolti peke yake, na umpe ile risasi iliyogoma pamoja na maganda machache kati ya yale 17 yaliyolia mara ya kwanza.